Angepigwa Siku ya Kwanza

Benchi lenyewe si benchi. Ni friji la kulala, lile pana la kuhifadhia nyama, lililokufa mashine mwenyewe akalitelekeza, na Fundi akalipindua kifudifudi mbele ya karakana yake ili watu wapate pa kukaa. Makalio ya mtaa mzima yamelisugua mpaka weupe wake umegeuka njano. Mchana ule walikuwa wamelikalia watatu. Wakili, ambaye hajasomea sheria hata siku moja ila huwachapia watu barua nje ya mahakama, akaambukizwa ubishi wa humo ndani. Dobi, mikono imechubuka kwa sabuni na mdomo haujui likizo. Na Fundi mwenyewe, fundi wa mafriji, ambaye kazi za watu zimejaa ndani na hana nguvu ya kushika hata bisibisi. Mama Kahawa alikaa pembeni kwenye kigoda, chupa yake kubwa katikati ya miguu. Wote wanne walitazama upande mmoja, kule kwenye kona mabasi yanakoshusha watu. Mdogo wake Fundi alikuwa anarudi leo kutoka safari ya mbali, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mama yake amekufa na ameshazikwa.

— Tupange kwanza nani anafungua mdomo, alisema Wakili. Jambo hili halitaki watu wanne kuongea kwa pamoja.

— Anafungua Fundi, alisema Dobi. Mama ni wake, mdogo ni wake.

— Fundi huyu? Mtazame. Kashika kikombe tangu saa ile, hajanywa hata funda moja.

— Basi Mama Kahawa. Yeye ana ulimi wa taratibu.

— Mimi simo, alisema Mama Kahawa.

— Kwani hospitali hukuwepo?

— Nilikuwepo. Na nikanyamaza. Mzigo wangu huo unanitosha, msiniongezee.

Mtaani kijana mwenyewe aliitwa Mia Sita. Jina lilizaliwa juu ya friji hilohilo, mwaka ule alipoingia mara ya kwanza kwenye orodha ya dunia ya wacheza tenisi akajikuta ni wa mia sita na ushee. Kuna aliyecheka siku ile, na Wakili akamgeukia: hebu niambie, wewe katika kazi yako ni wa ngapi duniani? Aliyecheka alikuwa Dobi, na alinuna wiki nzima. Baadaye kijana alipanda mpaka mia nne, akaumia bega, akaporomoka hadi mia nane, akaanza kupanda tena kwa kutambaa. Jina lilikuwa limeshaganda.

Watu walidhani anaishi kwenye ndege na hoteli. Fundi ndiye pekee aliyewahi kufuatana naye, safari moja tu, akarudi ameshika tama. Viwanja vilikuwa nyuma ya kiwanda cha saruji. Watazamaji walikuwa Fundi, mama wa mpinzani, na mbwa. Hapakuwa na wa kuokota mipira. Mdogo wake alipiga, akakimbia kuiokota, akarudi kupiga. Jioni alifua fulana kwenye sinki akaianika dirishani, katika chumba cha watu wanne, na wawili kati yao walikuwa wanakutana uwanjani kesho yake, kwa hiyo hakuna aliyemsemesha mwenzake. Asubuhi alifungwa, akafungasha, akapanda basi kwenda mji mwingine kufungwa tena. Maana ukweli usemwe, kwa mchezaji wa ngazi ile kufungwa ndiyo kazi yenyewe. Siku ya kwanza tu nusu ya waliokuja wanarudi walikotoka. Mia Sita alikuwa na mkono mzuri wa kushoto na miguu isiyochoka, lakini mara nyingi alikuwa ndani ya hiyo nusu.

Mama yao ndiye aliyeanzisha yote. Alikuwa mfagiaji wa viwanja vya klabu ya tenisi tangu Fundi hajaota ndevu. Alipomwona kitindamimba wake anapiga mipira chakavu ukutani kwa ubao wa kukatia mboga, na mipira inarudi palepale anapotaka, alikwenda nyumbani akatangaza: humu ndani mmoja atashika bisibisi, mmoja atashika raketi, na sitaki kusikia wivu. Wivu haukuwahi kuwapo. Fundi alimpenda mdogo wake kama mtoto wa kumzaa.

— Mimi nashauri twende kwa ngazi, alisema Wakili. Akifika tu, tunasema mama anaumwa. Akinywa kahawa, tunasema hali si nzuri. Akimaliza kikombe, tunasema hali ni mbaya sana. Ikifika magharibi, mwenyewe ameshaelewa.

— Na akisema twende hospitali sasa hivi?

— Tunasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

— Saa nane mchana?

— Basi tunasema amehamishwa.

— Kahamishiwa wapi, bwana, acha hizo! alisema Dobi. Sikilizeni. Tumwambie mama kasafiri. Kaenda kwa mjomba wao kupumzika. Kijana alale, ale, apate nguvu. Wiki ijayo ana mashindano mengine. Acheze kwanza.

— Acheze kwanza, alirudia Mama Kahawa. Maneno hayohayo ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Na ilikuwa hivyo.

Wiki iliyopita jambo ambalo watu wa ngazi ya Mia Sita huliota tu lilimtokea. Wachezaji kadhaa walijitoa, na yeye akaingizwa wa mwisho kabisa kwenye mchujo wa mashindano makubwa, yale yanayoonyeshwa dunia nzima. Mechi tatu. Akishinda zote anaingia kucheza na vigogo. Aliondoka nyumbani mama yake akiwa mzima, akimpungia mkono mlangoni. Siku mbili baadaye kiharusi kikampiga mama jikoni. Mia Sita aliambiwa kaanguka kidogo, daktari anamwangalia, tulia. Na alfajiri ya siku ya mechi ya kwanza, mama akakata roho, Fundi kamshika mkono mmoja, Mama Kahawa mwingine.

Pale kwenye ukumbi wa hospitali Fundi alitoa simu mfukoni, akatafuta namba ya mdogo wake, kidole kikasimama. Aliyepangiwa kucheza naye alikuwa mtu wa mia moja na kitu duniani. Atapigwa, Fundi aliwaza. Saa chache tu, atapigwa kama kawaida, nami nitampigia palepale akitoka uwanjani, apande ndege ya jioni, tumzike mama pamoja. Kwa nini nimwingize uwanjani na maiti kichwani? Acheze kwanza. Mjomba aliafiki. Mama Kahawa hakusema kitu. Hakuna aliyeona kama ni uongo, ilikuwa ni kusubiri tu.

Walifuatilia kwenye simu ya Dobi, hapa hapa juu ya friji. Hapakuwa na picha, namba tu zinazobadilika. Seti ya kwanza Mia Sita alifungwa, na Fundi akashusha pumzi. Ilikuwa afueni. Aliihisi kifuani kama mtu aliyetua gunia. Seti ya pili kijana akashinda. Ya tatu, Fundi alikuta midomo yake inacheza. Alikuwa anamwomba Mungu mpira wa mdogo wake ugonge wavu.

Haukugonga. Mia Sita alishinda. Dobi alirusha kofia yake hewani, kisha akakumbuka, akaenda kuiokota barabarani akiwa ameinamisha kichwa.

Jioni simu ikaita.

— Kaka! Umeona? Mama amesikia?

Na Fundi, ambaye alikuwa amepanga sentensi nyingine kabisa, alisema:

— Amesikia. Amefurahi sana. Sasa amelala.

Keshokutwa yake ilikuwa mechi ya pili. Kwa hiyo wakasubiri apigwe ya pili. Akashinda tena, bila kupoteza hata seti moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu wa cheo kile. Mjomba akasema yeye hawezi kumwacha dada yake chumba cha maiti kwa ajili ya mpira. Fundi alitaka kubisha, lakini alikuwa amekwenda kule kumtazama mama, na kazi yake haikumruhusu asisikie: mashine ya baridi ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, inapiga kwikwi. Aliweka kiganja kwenye bomba. Lilikuwa vuguvugu. Alitoka nje akamwambia mjomba, kesho. Na kesho yake mama akazikwa, saa ileile Mia Sita alipokuwa anacheza mechi ya tatu, na safari hii hakuna aliyeangalia simu. Alifungwa. Tangu hapo simu yake ilizimwa. Ulikuja ujumbe mmoja tu: nafika kesho mchana.

— Tumwambie amekufa leo, alisema Wakili. Asubuhi ya leo.

— Na kaburi?

— Kaburi halijaandikwa tarehe. Udongo ni mbichi. Nani atapima?

— Mtu afe asubuhi azikwe kabla ya saa nane, mwanawe yuko njiani? Mjomba ataonekana mchawi.

— Basi mimi nina bora kuliko hiyo, alisema Dobi, na akasogea mbele, macho yamemtoka. Tuseme alikufa baada ya mechi ya pili. Alisikia mwanawe kashinda mara mbili, moyo ukajaa, ukashindwa kubeba. Alikufa kwa furaha. Kijana atalia, ndiyo, lakini atalia vizuri.

— Atalia vizuri, Wakili alisema polepole, akionja neno. Sasa sikieni hii. Kwa nini aambiwe kabisa? Ana miaka ishirini na sita. Anakaa nyumbani siku ngapi kwa mwaka? Kila akija mama kasafiri, kila akipiga simu mama amelala. Siku akistaafu tunamkalisha hapa, tunamweleza yote.

— Akistaafu!

— Wachezaji wanastaafu mapema.

— Na sauti? aliuliza Dobi. Atataka kusikia sauti.

Wote wawili wakamgeukia Mama Kahawa. Alikuwa rika la marehemu, walikuwa wakiongea kwa sauti ileile ya kukwaruza, na kwenye simu watu walikuwa wakiwachanganya.

Mama Kahawa aliweka kikombe chini. Hakukiweka kwa nguvu.

— Nyinyi wanangu, alisema. Yule nimemfumba macho kwa vidole hivi. Mnataka nimfufue kwa simu?

Dobi alitazama mikono yake. Wakili alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Gari moja lilipita, likasimama kwenye kona, likashusha mwanamke na kapu, likaondoka.

Ndipo Fundi akasema, mara yake ya kwanza kusema tangu wakae.

— Nitamwambia mama mwenyewe ndiye aliyekataza.

— Alikataza? aliuliza Wakili.

— Nitamwambia alisema, msimsumbue mwanangu, mwacheni acheze. Hilo atalikubali. Mama angeweza kulisema.

— Angeweza, alisema Mama Kahawa. Lakini mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, baba. Tangu aanguke mpaka anaondoka hakutamka hata jina lako.

— Yeye hajui hilo.

— Mimi najua.

— Mama, alisema Fundi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji. Nisaidie. Ukae kimya tu. Kama siku ile.

Mama Kahawa alimtazama muda mrefu. Kisha macho yake yakahama kutoka usoni mwa Fundi yakaenda nyuma ya bega lake, na akasimama.

Kijana hakuja na njia ya mabasi. Alitokea nyuma yao, upande wa juu, kwenye njia inayoshuka kutoka makaburini. Begi refu la raketi lilikuwa begani, na jingine la nguo mkononi. Fulana safi, uso umekauka, na viatu vyake vyeupe vya uwanjani vilikuwa vyekundu kwa udongo mpaka juu ya kamba.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, mwanangu, alisema Mama Kahawa.

Aliweka mabegi chini. Dobi akasogea, akaacha nafasi kwenye friji, na Mia Sita akakaa kati yake na kaka yake, mahali alipokuwa akikaa siku zote akirudi safari. Mama Kahawa akammiminia kahawa. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akasema ahsante, akanywa.

Fundi alijua. Kila mtu alikuwa ameviona viatu. Lakini maneno aliyokuwa ameyapanga yalikuwa tayari mdomoni, hakuwa na mengine, na yakatoka yenyewe.

— Mama mwenyewe alikataza, alisema. Alisema mwacheni acheze.

Mia Sita hakumtazama. Alimtazama Mama Kahawa.

— Alisema hivyo, Mama?

Mama Kahawa alishika kifuniko cha chupa yake, akakifunga kilichokuwa kimefungwa. Kijana akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepewa jibu.

— Nilipotoka mechi ya tatu kuna mtu wa redio ya nyumbani alinipigia, alisema. Maisha yangu yote sijawahi kuhojiwa. Nilianza nina miaka kumi na miwili, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali. Nikafurahi. Nimefungwa, lakini nikafurahi, nikasema leo mama atanisikia redioni. Akaniuliza, unajisikiaje kucheza siku anayozikwa mama yako.

— Mungu wangu, alisema Dobi.

Wakili alikuwa amegeuka rangi.

— Mimi niliwapigia kuhusu ushindi tu, alisema. Ule wa pili. Nilitaka wakutaje. Wakaniuliza familia ikoje, nami nikasema... sikujua kama wataku...

— Si kitu, mzee. Angalau wao waliniambia.

Mia Sita alizungusha kikombe mkononi.

— Ile ya kwanza sikuwa na wasiwasi, alisema. Nilijua naenda kufungwa. Yule mtu anapiga mpira huuoni, unausikia tu. Seti ya kwanza alinichezea kama mtoto. Halafu sijui nini kilinishika. Mechi ya pili ndiyo nilicheza haswa. Kaka alikuwa ameniambia mama kafurahi, basi nilikuwa kila nikishinda pointi naona kitanda, naona amekaa, Kaka anamsomea namba. Sijawahi kucheza vile. Wale waliokuwa wakinipita kila siku kwenye korido walikuja kusimama nje ya uzio kutazama.

— Na Jumatatu orodha ikitoka unakuwa mia tatu na kitu! alisema Dobi, kwa sababu alikuwa hawezi kimya. Hujawahi kufika huko! Itabidi tukubadilishe jina, wallahi, itabidi tuku...

Akaishia hapo mwenyewe.

Mia Sita alimaliza kahawa yake. Akamgeukia kaka yake, kwa mara ya kwanza tangu akae, na alipouliza hapakuwa na ukali wowote. Aliuliza kama alivyokuwa akiuliza alipokuwa mdogo, ambapo kila kitu cha dunia alikuwa akimwuliza Fundi.

— Kaka. Siku ile ya kwanza. Ulitaka nishinde?

Fundi alifungua mdomo.

Angesema ndiyo, na ingekuwa kweli: miaka yote ile alikuwa akitaka, kwenye kila namba ya kila simu. Angesema hapana, na hiyo pia ingekuwa kweli, kweli zaidi. Alikumbuka ile pumzi aliyoishusha, utamu wake. Alitafuta neno la tatu lililo katikati ya hayo mawili, na neno hilo hakulipata. Mdogo wake alimsubiri. Kisha akamtazama Dobi, na Dobi akatazama barabara. Akamtazama Wakili, mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema mbele ya hakimu wala karani, na Wakili akawa anatafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo.

— Haya, alisema Mia Sita.

Alisimama. Fundi naye akasimama haraka, akanyoosha mkono kuchukua begi la raketi, maana kila safari yeye ndiye aliyelibeba kutoka kijiweni hadi nyumbani. Kijana alilihamishia bega la pili. Hakulinyakua, alilihamisha tu.

— Mama, alimwambia Mama Kahawa, ufunguo wa nyumba yake uko kwako?

— Uko kwangu, mwanangu.

— Naomba tufuatane. Unionyeshe alipoangukia.

Mama Kahawa aliacha chupa, vikombe na kigoda pale pale, akafunga mtandio wake vizuri, akatangulia. Walivuka barabara pamoja, mama mfupi na kijana mrefu, wakapita ukuta wa jirani, wakaingia uani. Fundi aliwafuata mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, komeo halikushuka. Ndani alisikia sauti ya Mama Kahawa ikieleza taratibu, hapa, alikuwa amesimama hapa, na kisha akasikia mdogo wake akianza kulia, kilio cha mtu mzima kisichozoea kutoka.

Fundi aliweka kiganja juu ya ubao wa mlango. Alisimama hivyo mpaka jua likahama ukutani, na hakuusukuma.